Mlingoti, Waya na Kipimo cha Mkazo: Somo la Mabaharia Lifaalo Ikungi

Mkoani Singida upepo hauhitaji kutambulishwa kwa mtu. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya uwanda wa kati kwa nguvu na kwa muda mrefu, ukirusha vumbi la barabarani, ukilaza mabua ya uwele yaliyosalia mashambani, na kuzipiga bendera za shule mpaka pindo zake zikachanika. Ikungi, iliyoko kusini ya mji wa Singida kando ya barabara kuu iendayo Manyoni na Dodoma, ipo katika uwanda huo, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapana bahari hapo, wala hapana ziwa la kupitisha tanga. Hata hivyo ndipo mahali panapostahili kuulizwa swali ambalo kwa kawaida huachiwa mabaharia: kamba au waya unaoshikilia mlingoti yapasa ukazwe kiasi gani?

Swali hili si la burudani. Wakati Wizara ya Nishati na Shirika la Umeme, TANESCO, zilipotafuta mahali panapofaa kuzalishia umeme kwa upepo, upepo ulipimwa Kititimo, karibu na mji wa Singida, na pia Makambako. Takwimu zilizotangazwa kwa kimo cha mita 30 zilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo na mita 8.9 Makambako. Vyombo vya kupimia upepo wa namna hiyo aghalabu huwekwa juu ya mlingoti mwembamba usioweza kusimama peke yake, na ambao husimamishwa kwa nyaya zilizovutwa pande zote hadi ardhini. Baadhi ya milingoti ya redio na ya simu husimama kwa njia iyo hiyo. Mlingoti wa aina hiyo na mlingoti wa mashua ndogo ni ndugu wa tumbo moja: yote miwili ni miti mirefu myembamba, yote husukumwa na upepo, na uhai wa yote umo katika kamba.

Rai inayotolewa hapa ni kwamba mkazo wa kamba hizo ni jambo la kupimwa, si jambo la kukisiwa kwa ugumu wa kiganja. Na kwamba shule ya sekondari ya Ikungi, au ya mahali pengine popote mbali na bahari, inaweza kuupima bila ya maabara ya fahari. Desturi ya kufundisha mada ya kani kwa kuchora mishale ubaoni, kisha kuwaachia vijana wakariri fomyula, imedumu mno. (Kani, kwa asiyelizoea neno hilo, ni nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, na mkazo ni kani iliyomo ndani ya kamba iliyovutwa.)

Yafaa kwanza kuwatazama wenye ujuzi wa siku nyingi. Katika jahazi na mashua za pwani ya Afrika Mashariki mlingoti ni mti mnene ulioinamia mbele kidogo, kuelekea omo. Tanga hufungwa katika foromali, ule mti mrefu wa mshazari, na foromali hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza ikisaidiwa na kapi za mbao ziitwazo gofia. Henza hiyo haina kazi moja tu. Ikisha kupandisha foromali, hufungwa nyuma, na hivyo huuvuta mlingoti kuelekea tezi na kuuzuia usilale mbele. Kamba za ubavuni nazo hazikupigiliwa mahali pamoja milele. Chombo kinapogeuzwa na tanga kuhamia upande wa pili, kamba za upande ulioachwa na upepo hulegezwa, na za upande unaopokea upepo hukazwa. Kwa hiyo baharia wa jahazi huukaza mlingoti wake upya mara nyingi kwa siku, na kila mara huupima kwa mkono, kwa jicho, na kwa mlio wa mbao.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ushahidi wa kutosha dhidi ya vipimo: ikiwa manahodha wamevuka bahari kwa karne nyingi bila ya rula wala hesabu, ya nini kumsumbua mwanafunzi? Hoja hiyo ina heshima yake lakini imesahau kamba yenyewe. Kamba ya makumbi ya nazi hunyumbuka sana kabla ya kukatika. Baharia akizidisha kidogo, kamba hurefuka na kumsamehe; akipunguza, ataikaza tena katika mgeuko ujao. Waya wa chuma hausamehi. Kamba za nyuzi za chuma zilianza kutumika mwaka 1834 katika migodi ya milima ya Harz nchini Ujerumani, zikiwa kazi ya Wilhelm Albert, na kutoka huko zikaenea melini na katika kila mlingoti mrefu. Zilileta nguvu kubwa katika unene mdogo. Pamoja na nguvu hiyo zikaleta ukaidi.

Ukaidi huo huhesabika kwa urahisi. Chukuliwe waya mzima wa chuma, kama ule wa uzio, wenye kipenyo cha milimita 4 na urefu wa mita 4, uliofungwa chini kwa skurubu ya kukazia. Mzunguko mmoja wa skurubu ya kawaida yenye meno pande zote mbili huweza kuufupisha kwa milimita 2.5. Ikiwa mlingoti na kitako chake havibonyei hata kidogo, kanuni ya unyumbufu aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678 huonyesha kwamba mkazo utaongezeka kwa niutoni 1,570 hivi, ambazo ni sawa na uzito wa watu wawili wazima walioning'inia katika waya huo. Katika hali halisi mbao hubonyea, na waya wa nyuzi zilizosokotwa huwa mlaini kuliko waya mzima, kwa hiyo ongezeko huwa dogo zaidi. Lakini hata likiwa nusu yake, ni wazi kwamba mkono uliozoea kamba ya makumbi hauwezi kuaminiwa mbele ya skurubu.

Sasa yapasa kuuliza mkazo unafanya kazi gani hasa, kwa kuwa hapa ndipo penye kosa linalorudiwa na wengi, wakiwamo mafundi hodari. Husemwa kwamba waya ukikazwa zaidi mlingoti huwa imara zaidi, na kwamba aogopaye kukaza ni mvivu. Hesabu ya mlingoti mdogo inatosha kuonyesha kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli.

Uwepo mlingoti wa mita 4 ambao kitako chake kinaweza kuinama upande wowote. Kileleni ufungwe nyaya mbili, moja kila ubavu, zikashuka hadi mahali palipo mita 1 kutoka kwenye kitako. Tanga la mita 4 za mraba likiukingamia upepo wa mita 10 kwa sekunde, hupata kani ya takriban niutoni 200 katika hewa ya Ikungi. Pwani, ambako hewa ni nzito zaidi, upepo wa mwendo ule ule ungetoa kama niutoni 235. (Ni jambo la kufurahisha kwamba kimo cha uwanda wa kati humpunguzia fundi mzigo bila ya yeye kujua.) Kani hiyo ichukuliwe kuwa inasukuma katikati ya mlingoti, mita 2 kutoka chini. Momenti yake kuzunguka kitako ni 200 mara 2, yaani niutoni-mita 400. Waya wa upande wa upepo ndio unaoipinga, na umbali wake wa pembemraba kutoka kwenye kitako ni mita 0.97. Kwa hiyo, ikiwa waya wa pili umelegea kabisa, waya huu mmoja utabeba niutoni 412.

Kwanza kionekane kile ambacho picha ya ubaoni hukificha: upepo umetoa niutoni 200, waya umebeba zaidi ya mara mbili yake. Waya ungalifungwa nusu mita tu kutoka kwenye kitako, ungalibeba niutoni 806. Ndiyo maana chombo chembamba ni kigumu kuwekewa mlingoti mrefu, na ndiyo maana nguzo za nyaya za mlingoti wa kupimia upepo hupandwa mbali sana na shina lake, hata mwenye shamba akalalamika kwamba zinamzibia njia ya plau.

Pili ni hilo la kukaza kabla ya upepo kuja. Ikiwa nyaya zote mbili zimefungwa zikiwa zimelegea, upepo unapokuja mlingoti huanza kuinama bila ya kizuizi, kisha hukamatwa ghafla. Upepo ukipumua, hurudi. Ukivuma, hupigwa tena. Mshtuko wa namna hiyo ndio unaokata waya kwenye mafundo yake, na hauonekani mpaka siku ya kuanguka. Lakini nyaya zote mbili zikikazwa mapema kwa mkazo ulio sawa, zote hufanya kazi: ule wa upande wa upepo huongezewa mkazo, ule wa upande wa pili hupunguziwa, na kila mmoja huchukua nusu ya mzigo. Mlingoti huinama nusu tu ya vile ambavyo ungeinama kwa waya mmoja.

Tuseme mkazo wa awali umewekwa niutoni 206 kila upande. Upepo wa niutoni 200 ukija, waya wa upande wa upepo hupanda hadi 412, na wa upande wa pili hushuka hadi sifuri, ukakaribia tu kulegea. Msomaji mwangalifu atatambua kwamba 412 ni ile ile iliyopatikana pale mwanzo. Kukaza kwa kadiri hiyo hakukuuongezea waya mzigo hata niutoni moja katika upepo uliokusudiwa. Kumeondoa mtikisiko bila ya malipo. Mlingoti nao hubanwa kwa niutoni 400 kwenda chini, kabla ya upepo na baada yake.

Basi aje yule fundi mwenye imani ya kukaza mpaka achoke, aweke niutoni 1,000 kila upande. Upepo ule ule ukija, waya mmoja utakuwa na niutoni 1,206 na mwingine 794. Mlingoti unabanwa kwa niutoni 1,940, usiku na mchana, upepo uwepo usiwepo. Ugumu wa mlingoti dhidi ya upepo huo haukuongezeka hata kidogo, kwa sababu nyaya zote mbili zilikuwa zikifanya kazi tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni mzigo juu ya mti, juu ya kitako, na juu ya chombo. Mashua ndogo iliyotendewa hivyo hujipinda: mlingoti husukuma sakafu chini katikati, nyaya huvuta mbavu juu, misumari ikaanza kucheza na maji kupata njia.

Na mti wenyewe una kikomo. Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alionyesha mwaka 1744 kwamba mti mwembamba uliobanwa kwa urefu wake hauvunjiki kwa kusagika, bali hufika mahali ukapinda ghafla. Na mahali hapo hupungua kwa haraka kadiri mti unavyorefuka. Mti wa urefu maradufu, kwa unene ule ule, hustahimili robo tu ya mzigo. Mwenye kukaza waya wa mlingoti mrefu anaukaribia ukingo huo bila ya kuuona, kwa kuwa mti huonekana umenyooka mpaka dakika ya mwisho.

Uwiano wa mkazo wa pande zote una uzito hata katika kazi za wataalamu wakubwa. Nchini Poland, mahali paitwapo Konstantynów, ulisimamishwa mwaka 1974 mlingoti wa redio wenye kimo cha mita 646, ambao wakati huo haukuwa na mfano duniani kwa urefu. Tarehe 8 Agosti 1991 ulianguka wote. Haukuangushwa na dhoruba tu iliyokuja bila ya taarifa. Ulianguka wakati mafundi wakiwa katika kazi ya kubadilisha baadhi ya nyaya zake. Kazi ya kulegeza upande mmoja na kukaza mwingine ni saa ya hatari kuliko zote katika maisha ya mlingoti, uwe wa mita 646 au wa mita 4.

Kwa hiyo katika mashua ndogo kazi hii hufanywa kwa utaratibu na kwa upole. Mlingoti hunyooshwa kwanza, fundi akiuangalia kutoka kitakoni kwenda juu kama aangaliaye mshale. Kisha skurubu za pande mbili huzungushwa kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, ili mti usivutwe kombo. Baada ya hapo chombo hupelekwa majini. Wapenda mashua wana kanuni nzuri ya jicho: katika upepo wa wastani, waya wa upande usiopigwa na upepo uwe umelegea kidogo tu, usicheze wala kuning'inia. Anayekumbuka hesabu iliyotangulia ataona kanuni hiyo imetoka wapi. Ni ile niutoni 206 iliyopatikana bila ya kalamu.

Lakini kanuni ya jicho humfaa mwenye bahari na mwenye tanga. Kwa mwalimu wa Ikungi iko njia nyingine, na haina gharama ya kutisha.

Uchimbiwe uwanjani mti mnyoofu wa mkaratusi wenye mita 4 juu ya ardhi, kitako chake kikiwa juu ya jiwe bapa ndani ya kishimo kipana ili uweze kuinama kidogo. Ufungwe kamba nne kutoka kileleni: mbili za ubavu, mita 1 kutoka kitakoni, na mbili za mbele na nyuma za kuulinda. Kutoka katikati ya mti, mita 2 juu, itoke kamba ya tano iende mlalo hadi kwenye nguzo ya pili, ipite juu ya kapi, na ishuke ikiwa imebeba ndoo tupu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa takriban niutoni 200. Huo ndio upepo wa mita 10 kwa sekunde juu ya tanga la mita 4 za mraba, umeletwa Ikungi kutoka kisimani.

Maji yatiwe lita moja moja, na mwanafunzi mmoja aiangalie kamba ya ubavu ulio upande wa ndoo. Kamba hiyo italegea polepole, na katika lita fulani itapoteza mkazo wote. Kwa vipimo vilivyotajwa, uzito wa maji wakati huo, ukihesabiwa kwa niutoni, unakaribia sana kuwa sawa na mkazo wa awali wa kamba. Ikilegea katika lita 10, mkazo ulikuwa karibu niutoni 100. Isipolegea mpaka ndoo ijae, ulikuwa zaidi ya 200. Ndoo imegeuka kuwa chombo cha kupimia mkazo, na kanuni ya momenti, ambayo kwa wengi ni mstari wa kukariri, imethibitishwa mbele ya macho ya darasa zima.

Njia ya pili ni ya kuipinda kamba. Kamba iliyovutwa kati ya ncha mbili ikisukumwa ubavuni katikati yake, huondoka mahali pake kwa umbali mdogo; na mkazo hupatikana kwa kuzidisha kani ya kusukuma kwa urefu wa kamba, kisha kugawanya kwa mara nne ya umbali ule. Mathalani kamba ya mita 4 ikivutwa kwa niutoni 20, ambazo ni uzito wa chupa ya maji ya lita 2, ikatoka sentimita 10, mkazo wake ni niutoni 200. Ikitoka sentimita 5 tu, mkazo ni 400. Vifaa vidogo vinavyouzwa kwa wenye mashua za kisasa hutumia kanuni hiyo hiyo, havina siri nyingine ndani.

Hata hivyo pana mtego ambao yafaa vijana wauone wenyewe. Kuipinda kamba ni kuirefusha, na kuirefusha ni kuukaza zaidi ule mkazo unaopimwa. Katika kamba laini kosa hilo ni dogo. Katika waya mzima wa chuma, kuusukuma sentimita 5 kunaweza kuongeza mkazo kuliko ule uliokuwamo, na mpimaji akaondoka na jibu la uongo huku hesabu yake ikiwa sahihi. Dawa ni kuusukuma kidogo sana, sentimita 1 au 2, na kuchora grafu ya kani dhidi ya umbali. Mwanzo wa grafu ni mstari mnyoofu. Panapoanza kupinda kwenda juu, ndipo kipimo kimeanza kukiharibu kinachopimwa. Somo hilo lina thamani kupita somo la mlingoti.

Njia ya tatu ni ya sikio na saa. Mpiga zeze wa Ugogo, jirani wa mashariki, anajua kwamba uzi ukikazwa sauti hupanda; Mfaransa Marin Mersenne aliiandika kanuni yake mwaka 1636, kwamba ili idadi ya mitetemo iongezeke maradufu mkazo huna budi kuongezwa mara nne. Waya wa mlingoti mrefu hauimbi kama zeze, lakini ukipigwa karibu na ardhi kwa fimbo, pigo husafiri hadi kileleni na kurudi, na mkono uliowekwa juu ya waya hulihisi kila linaporudi. Waya wa mita 50, wenye uzani wa kilo 0.25 kwa kila mita, ukirudisha pigo mara 10 katika sekunde 7, mwendo wa pigo ni mita 143 kwa sekunde, na mkazo ni niutoni 5,100 hivi. Mafundi wa milingoti mirefu hutumia njia hiyo mpaka leo.

Wanafunzi wasiijaribu njia hii katika nyaya za milingoti ya simu, ya redio au ya umeme. Nyaya hizo ni mali ya wengine, zimekazwa kwa maelfu ya niutoni, na zimewekwa ili mtu asizicheze. Kamba ndefu iliyofungwa kati ya miti miwili uwanjani inatosha. Vilevile mti wa majaribio usisimamishwe karibu na nyaya za umeme, wala asisimame mtu mahali ambapo mti ungefika ukianguka.

Walimu watakuwa na malalamiko, na baadhi yake ni ya haki. Vipindi ni vichache, madarasa yamejaa, mtihani hauulizi habari za mashua. Lakini momenti, unyumbufu na mawimbi yote yamo katika somo la fizikia la sekondari, na mti mmoja wa mkaratusi unayabeba yote matatu kwa gharama ya kamba tano, kapi na ndoo. Wala si haki kusema kwamba jambo hili ni la watoto wa Bagamoyo na Unguja pekee. Mtoto wa Bagamoyo huiona henza kila siku na kwa sababu hiyo hiyo huenda asiiulize. Mwenzake wa Ikungi, ambaye mipango ya umeme wa upepo katika mkoa wake imezungumzwa tangu miaka ya 2000, ana haja kubwa zaidi ya kujua mlingoti husimamaje, kwa sababu milingoti hiyo ikija itahitaji watu wa kuikagua, na haitakuwa busara kuwaagiza kutoka mbali kwa kazi ambayo kijana wa Kidato cha Tatu angeweza kuielewa.

Ikiwezekana, mti huo using'olewe baada ya wiki moja. Mkazo upimwe alfajiri, wakati wa baridi ya Juni na Julai, na tena saa nane mchana. Mwelekeo wa upepo na hali ya anga viandikwe daftarini. Kamba ya katani iwekwe ubavu mmoja na waya ubavu wa pili, na tofauti zake zifuatwe mwezi hadi mwezi. Kamba za nyuzi za mimea huvimba na kufupika zikilowa, jambo ambalo wenye mahema hulijua, wakazilegeza mvua inapokaribia. Mvua za kwanza zitakapofika Ikungi mwishoni mwa mwaka, kamba ile ya katani itajikaza usiku bila ya kuguswa na mtu, na asubuhi ndoo itahitaji lita nyingi zaidi kuilegeza kuliko zilizoandikwa katika kiangazi chote.